Shikamoo Isiyoitikiwa: Namna ya Kusoma Shairi la Msemaji Mmoja

Ukivuka na pantoni ya Kamanga, hapa Mwanza, asubuhi, hukosi mtu anayeongea na simu kwa sauti ya juu. "Ee. Ee. Sasa mimi ningefanyaje? Hapana, mama usimwambie." Wa upande wa pili hujamsikia hata neno, lakini mpaka pantoni inagusa nchi kavu umeshajua nani anadaiwa, nani kakosa, na kwamba huyu aliye mbele yako kuna kitu anaficha. Hakuna aliyekufundisha. Umetega sikio tu.

Shairi ambalo walimu huliita monolojia ya kidrama linasomwa kwa sikio hilo hilo. Mtu mmoja anaongea. Yupo mwingine anayemsikiliza, palepale, usoni pake. Sisi tumesimama pembeni tunasikia upande mmoja wa simu. Mimi nitaliita shairi la msemaji mmoja, maana jina refu huwatisha watu bure.

Niliwahi kulifundisha vibaya. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha sita shairi ambalo mume anamsema mkewe kwa maneno makali, nikawauliza swali la kawaida: dhamira za mshairi ni zipi? Nikasahihisha rundo zima la karatasi zilizoandikwa "mshairi anatufundisha kwamba wanawake ni wadanganyifu." Walijibu kile nilichowauliza. Kosa lilikuwa langu. Nilidai dhamira kabla hatujakubaliana ni nani anaongea. Tangu siku hiyo kwangu dhamira ndiyo ya mwisho kabisa, na ndivyo itakavyokuwa hapa.

Tutatumia shairi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nililitunga mwenyewe kwa ajili ya kikundi chetu cha kusoma, tunachokutana Jumamosi jioni huku Nyakato, ili mtu asije akaniambia "lakini mhakiki fulani alisema." Ni la kubuni: hakuna tajiri huyu wala mama huyu. Kwa walio mbali na ziwa, "tajiri" kwa wavuvi wetu ni mwenye mtumbwi, hata kama ana mtumbwi mmoja na madeni kumi. "Mwaloni" ni ufukweni mitumbwi inapotua, "maboya" hapa ni ya mtu kujiokolea majini, na "kausha damu" ni mkopo wa riba kubwa.

Tajiri Msibani

Shikamoo, mama.
Nimesema, shikamoo.
Basi. Nitakaa hapa hapa kwenye ndoo,
usiinuke, usihangaike na chai,
nimeshakunywa.

Mchele nimemwachia yule binti nje. Kilo hamsini.
Na turubai ni langu, wasije wakakudanganya.

Mwanao alikuwa mwanangu.
Miaka mitatu mtumbwini kwangu
hajawahi kuniomba hela, ila mara moja,
ya dawa zako.
Nikampa. Nikampa nusu.

Usiku ule ziwa lilitulia kama uji bakulini.
Waulize wazee wa mwaloni.
Upepo ulikuja baadaye, na upepo ni wa Mungu.
Mawimbi yalianza saa tatu, wanasukuma mtumbwi —
saa tisa, nasema. Saa tisa usiku.

Maboya? Yalikuwepo.
Manne, mapya, na nailoni zake.
Yako stoo, njoo uyaone,
hata panya hajayagusa.

Watu wana maneno. Eti nilisema,
asiyeingia leo, kesho asije.
Mbalamwezi imebakiza siku nne,
injini ina deni la kausha damu,
mafuta ndiyo hayo.
Tajiri gani asingesema?

Mayu,
taa za sola zimezama tano.
Sijamdai mtu. Nimesamehe.

Kuna kikaratasi hapa.
Kinasema tumekaa, tumeongea, tumeelewana.
Muhuri wa mwenyekiti tayari.
Wino huu hapa. Dole gumba moja linatosha.

Usiniangalie hivyo.

Shikamoo, mama.

Hatua ya 1: Lisome kwa sauti, mara mbili, kalamu ikiwa mfukoni

Mara ya kwanza soma kama unavyosoma gazeti. Mara ya pili liigize: kaa juu ya ndoo kweli, mtazame mtu, umwambie. Utagundua mahali ambapo sauti yako inagoma. Wengi wetu iligoma kwenye "Nikampa nusu" na kwenye "Yako stoo." Weka alama ndogo pale sauti ilipogoma, usijiulize bado kwa nini.

Hatua ya 2: Watenganishe watu watatu

Yupo mshairi, aliyeandika. Yupo msemaji, anayeongea ndani ya shairi; vitabu vingine humwita nafsineni. Yupo msikilizaji, anayeambiwa. Andika majina matatu pembezoni mwa karatasi: mimi niliyetunga, tajiri, mama mfiwa. Ukimaliza, jina la mshairi lifute na usilirudie mpaka hatua ya mwisho.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ushairi wetu wa zamani umetuzoesha vingine. Katika utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858, mama anamuusia binti yake, na mama huyo ndiye Mwana Kupona mwenyewe. Anayesema "mimi" ni yeye, na tunatakiwa kumsadiki. Katika ngonjera nako wasemaji ni wawili au zaidi, kila mmoja anapewa zamu yake, na mwisho mara nyingi mmoja anashindwa kwa hoja. Shairi la msemaji mmoja halifanyi hivyo: linampa zamu mtu mmoja, linamnyima mwenzake, kisha linatuacha tuamue wenyewe. Kwa Kiingereza umbo hili lilishika mizizi katika karne ya 19, na Robert Browning ndiye anayetajwa zaidi, kwa mashairi yake ya miaka ya 1840. Kwa Kiswahili lilipata nafasi nzuri zaidi baada ya ushairi huru, usiofungwa na vina na mizani, kufunguliwa mlango. Na hapa sisi wa ziwani tuna la kujivunia, kwa kuwa Euphrase Kezilahabi, ambaye diwani yake ya Kichomi ya 1974 ilichochea moto wa mjadala wa vina na mizani, alizaliwa Namagondo, Ukerewe. Mtu anayebabaika, anayejisahihisha, anayekatiza sentensi yake, ni vigumu kumfunga kwenye mizani nane kwa nane. Siwapingi wanamapokeo, wanaotetea vina na mizani. Nasema tu kwamba tajiri wetu angepangiwa vina, tungempoteza.

Hatua ya 3: Mtafute asiyeongea

Hapa kaa sana. Kama una saa moja ya kusoma shairi, nusu saa iwe hapa.

Mama hasemi neno hata moja. Lakini yumo kila mahali, kwa sababu tajiri anamjibu. Anza na mistari miwili ya kwanza. "Shikamoo, mama. Nimesema, shikamoo." Kwa nini amerudia? Kwa sababu hakuitikiwa. Msomaji aliyelelewa kwa Kiswahili haambiwi uzito wa jambo hilo. Marahaba haina gharama. Mtu humpa hata mgambo aliyekuja kumbomolea kibanda. Mama mtu mzima anayemnyima mgeni marahaba ndani ya nyumba yake, siku ya msiba, keshasema kila kitu. Shairi lina mistari miwili tu na tayari hukumu imetolewa. Kinachofuata ni rufaa.

Sasa shuka chini ukitafuta dalili nyingine za namna hiyo. "Usiinuke, usihangaike na chai": je, mama alitaka kuinuka? Alitaka kumpa chai? Mtu asiyeitikia shikamoo hapashi moto chai. Tajiri anakataa ukarimu ambao hakupewa. "Maboya?" ni neno lenye alama ya kuuliza, na aliyeuliza si yeye. Labda mama aliyatazama magunia ukutani, labda mtu aliye mlangoni alinong'ona, labda hakuna aliyeuliza na ni dhamiri yake inayompigia kelele. Majibu yote matatu yanakubalika, ila hilo la tatu ndilo linalonipendeza zaidi. Na "Usiniangalie hivyo" inatupa jicho la mama, kitu pekee ambacho shairi linatuonyesha cha kwake.

Zoezi ninalowapa watu wote: chukua karatasi, nakili shairi ukiacha nafasi baada ya kila mstari, kisha jaza upande wa pili wa simu. Jaza mama anafanya nini. Katika kikundi chetu kijana mmoja alijaza "Marahaba" baada ya mstari wa kwanza, kwa adabu tu, kwa mazoea. Tukajaribu kusoma hivyo. Mstari wa pili ukakosa kazi, wa mwisho ukawa kichekesho, shairi zima likaanguka kama hema lililong'olewa vigingi. Hakuna maelezo yangu yaliyowahi kufundisha vizuri kuliko kosa lile.

Hatua ya 4: Uliza amekuja kutafuta nini

Mtu haongei bure. Msemaji wa shairi la aina hii ana haja, na haja hiyo mara nyingi huja mwishoni, imevaa nguo ndogo: "Kuna kikaratasi hapa." Angalia ki- ile. Karatasi ikiitwa kikaratasi na mtu anayetaka dole gumba lako, ishike mkononi uisome mara tatu.

Ukishaipata haja, rudi mwanzo usome kinyumenyume, kuanzia dole gumba kupanda hadi shikamoo. Kila kitu kinabadilika rangi. Mchele wa kilo hamsini ulikuwa rambirambi, sasa ni malipo ya awali. Turubai lilikuwa msaada, sasa ni risiti: "ni langu, wasije wakakudanganya." Hata heshima ya shikamoo, ambayo ulidhani ni heshima, imekuwa kubisha hodi ili aingie ofisini.

Hatua ya 5: Sikiliza ulimi unapoteleza

Tafuta mahali msemaji anapojisahihisha. Hapa ni dhahiri: "Mawimbi yalianza saa tatu, wanasukuma mtumbwi — saa tisa, nasema." Saa tatu usiku na saa tisa usiku zimepishana saa sita. Kama mawimbi yalianza saa tisa, wavuvi walikuwa katikati ya ziwa na kazi ya Mungu imefanyika. Kama yalianza saa tatu wakati wanasukuma, walikuwa bado wana miguu mchangani, na mtu aliyesimama ufukweni aliyaona mawimbi yale akawaacha waende. Tena hakusema "walipokuwa wanasukuma." Amesema "wanasukuma," kana kwamba anawaona sasa hivi. Alikuwepo. Picha ile haijamtoka.

Kuteleza kwa pili ni kwa kitu anachoona kinamtetea. Maboya yalikuwepo, manne, mapya, na nailoni zake hazijachanwa, yako stoo. Anatoa ushahidi wa kumtetea, na ushahidi wenyewe unamfunga. Hiyo ndiyo kinaya ya umbo hili: msemaji anasema jambo moja, nasi tunasikia la pili ambalo yeye halisikii.

Kisha fanya kazi ya kichovu kidogo lakini yenye faida. Orodhesha vitenzi vyote na uandike nani anavitenda. Utapata kwamba ziwa lilitulia, upepo ulikuja, mawimbi yalianza, maboya yalikuwepo, mbalamwezi imebakiza, taa zimezama, injini ina deni. Usiku ule kila kitu kilikuwa na kazi isipokuwa tajiri. Yeye anajitokeza pale pa kutoa: nimemwachia, nikampa, nimesamehe. Kitenzi kimoja tu cha "ni-" kinahusu madhara, nacho kakishika kwa koleo: "Eti nilisema." Halafu mistari mitano baadaye anasahau koleo lake: "Tajiri gani asingesema?" Kakiri.

Mama naye, katika nyumba yake, anaamriwa tu. Usiinuke, usihangaike, waulize, njoo uyaone, usiniangalie. Na tazama ule mstari wa karatasi, "tumekaa, tumeongea, tumeelewana." Tu-, tu-, tu-. Mama hajakohoa hata mara moja.

Hatua ya 6: Tafuta neno ambalo lingepaswa kuwepo

Hatua hii niliiongeza baadaye, baada ya mama mmoja anayeanika dagaa kuniuliza: "Mwalimu, mbona huyu hajasema pole?"

Nilikuwa nimelitunga mwenyewe na sikuwa nimelihesabu. Mtu kaja msibani, kasema shikamoo mara tatu, kataja mchele, turubai, taa, mafuta, muhuri. Pole hamna. Neno ambalo kila mtoto wa hapa analisema hata jirani akijikwaa, limekosekana mahali palipojengwa kwa ajili yake. Jina la marehemu nalo hamna. Kifo hakitajwi kabisa; kilichozama, kwa maneno ya tajiri, ni taa tano.

Kwa hiyo jiulize: katika hali hii, watu wa hapa wangesema nini kwanza? Kisha angalia kama msemaji kalisema. Kwenye shairi la posa tafuta mahari. Kwenye shairi la mtu anayeaga tafuta "tutaonana."

Hatua ya 7: Jinsi anavyomwita mwenzake

Anamwita "mama" mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mahali pamoja anapohamia Kisukuma: "Mayu." Maana ni ile ile, mama. Lakini angalia limekaa wapi, kabla tu ya kutaja taa na msamaha, hatua moja kutoka kwenye karatasi. Anaingia lugha ya nyumbani ili asikike mtoto wa nyumbani.

Tahadhari kidogo. Mwanza watu huchanganya Kiswahili na Kisukuma siku nzima, sokoni, kwenye daladala, kanisani, na hawana hila yoyote. Usimtie mtu hatiani kwa neno moja la lugha ya mama. Kinachotiliwa shaka ni wakati. Ukiona msemaji kabadili namna ya kuita mara moja tu, na mara hiyo ni sekunde kabla ya kuomba kitu, hapo una haki ya kunyoosha kidole.

Hatua ya 8: Vitu viwe vitu kwanza

Wanafunzi wakiona ziwa kwenye shairi, mkono wa kwanza unaonyooshwa unasema "ziwa linawakilisha maisha." Nawaambia, ziwa linawakilisha maji. Boya ni boya. Ukishajua boya lilikuwa wapi usiku ule ndipo uniambie linawakilisha nini.

Na ili ujue vitu, lazima ujue kazi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa; dagaa wanafuata mwanga, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa zinakosa nguvu, na wavuvi wengi hupumzika mpaka giza lirudi. Sasa soma tena "Mbalamwezi imebakiza siku nne." Msomaji wa Dodoma anaweza kudhani ni maelezo ya mandhari. Msomaji wa Kirumba, hapa ziwani, anasikia hesabu: siku nne za kuvua, kisha mapumziko bila kipato, na wa kausha damu hapumziki mwezi ukitoka. Mstari huo mmoja ndio unaoeleza kwa nini mtumbwi ulisukumwa.

Neno "kuzama" nalo lina historia yake huku. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikija Mwanza, mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara. Shairi halitaji hata moja. Lakini mtu wa huku akisikia "zimezama tano" kisha akagundua zinazohesabiwa ni taa, mwili unamsisimka kabla akili haijafika. Unaposoma shairi la mahali usipopajua, tafuta mwenyeji umuulize neno gani limemgusa. Dakika kumi za mazungumzo hayo ni bora kuliko kamusi.

Hatua ya 9: Mtetee kabla hujamhukumu

Baada ya hatua hizi zote ni rahisi kumwita tajiri shetani, ukafunga daftari. Usifanye hivyo. Andika aya moja ya kumtetea, kwa moyo wako wote. Ana deni. Mafuta yamepanda. Alikuja mwenyewe, hakutuma mtu. Alikaa kwenye ndoo, hakudai kiti. Alitoa nusu ya hela ya dawa. Wapo ambao wasingetoa kitu. Mzee mmoja kwenye kikundi, ambaye amewahi kuwa na mtumbwi, alisema kwa kifupi: "Huyu si mkatili. Huyu ana woga." Tukabishana mpaka taa za nje zikawashwa.

Nakubaliana naye nusu. Woga ndio unaomfanya aongee sana, na anayeongea sana ndiye anayeteleza. Mkatili kamili angetuma karatasi kwa bodaboda. Lakini woga wake unamwogopa nani? Polisi, majirani, Mungu, jicho la mama? Mstari wa mwisho, "Shikamoo, mama," unaweza kusomwa kwa namna mbili. Kwanza, ni kuaga kwa aibu: kashindwa, anaondoka, kikaratasi kimebaki kitupu. Pili, anaanza upya, yuko tayari kurudia mchele, turubai na ziwa lililotulia mpaka dole lipatikane. Liigize kwa namna zote mbili. Mimi nashikilia ya kwanza. Wengi kwenye kikundi wanashikilia ya pili, na hoja yao kubwa ni kwamba hakuna mstari unaoonyesha amenyanyuka kwenye ndoo. Hapo wananiweza.

Hatua ya 10: Sasa ndiyo dhamira

Mrudishe mshairi. Uliza: aliyempanga mtu huyu aongee hivi, alitaka sisi tusikie nini ambacho msemaji hasikii? Jibu lako liwe na sehemu mbili, anachotaka msemaji tuamini na kinachoonyeshwa na shairi, na katikati uweke ushahidi wa neno kwa neno.

Jibu dhaifu husomeka hivi: "Dhamira ni unyonyaji. Mshairi anaonyesha matajiri wanavyonyonya maskini." Si uongo, ila lingeweza kubandikwa kwenye mashairi mia. Linganisha na hili, lililoandikwa na msichana aliyemaliza kidato cha nne tu:

"Tajiri anataka mama akubali kwamba kifo kilikuwa cha upepo. Lakini anaposema saa tatu kisha anabadili kuwa saa tisa, tunajua aliona mawimbi. Amekuja kununua kimya cha mama kwa mchele, wakati kimya hicho hicho ndicho kinachomtesa. Karatasi inasema 'tumeongea' na aliyeongea ni mmoja."

Sentensi nne. Kila dai lina neno la shairi pembeni yake. Ukienda kwenye mtihani na sentensi za namna hiyo, msahihishaji atajua umesoma shairi lenyewe, hukukariri maswali ya miaka iliyopita.

Umbo ligusie kwa ufupi, na ulihusishe na mtu. Mistari inakuwa mirefu anapotaja alichotoa na anapotetea usiku ule, inafupika anapobanwa: "Nikampa. Nikampa nusu." Kistari baada ya "mtumbwi" ni pumzi iliyokatika. Nafasi tupu kabla na baada ya "Usiniangalie hivyo" ni zamu za mama. Ndizo beti zake.

Zoezi la mwisho

Mpe mama shairi lake. Mistari minne, isizidi, na asimjibu tajiri moja kwa moja. Ukiweza kumwandikia mama bila kumfanya alie au ahubiri, umeelewa shairi la kwanza zaidi ya maelezo yangu yote. Kwenye kikundi tulipata majaribio kumi na moja. Mengi yalikuwa laana, mawili yalikuwa sala. Mama anayeanika dagaa alileta hili, kwenye nyuma ya karatasi ya mkopo:

Ndoo uliyokalia
aliijaza asubuhi ile.
Sijayamwaga maji.
Umelowa, hujasikia?